Chai ya barafu ya Kithai ikigoma: dalili, chanzo na namna ya kuiokoa

Cha yen ni chai nzito ya rangi ya chungwa, iliyotiwa maziwa matamu ya kopo na kumiminwa juu ya barafu. Huko Thailand inauzwa kila kona, toka vibanda vya Bangkok hadi migahawa midogo ya mikoani, mara nyingi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba na kuchomekwa mrija. Ukimtazama muuzaji, unaona ni kazi ya dakika chache. Ukijaribu nyumbani ndipo malalamiko yanapoanza, na karibu yote ni yaleyale: imekuwa maji, imekuwa kahawia, inakaba ulimi, maziwa yamekatika.

Nyingi ya kasoro hizi zina mzizi mmoja. Tunaionja na kuipima chai hii kama chai ya kikombe, ilhali barafu nayo ni kiungo. Chai iliyokolea vizuri kabla ya barafu itakuwa hafifu baada ya barafu. Kwa hiyo onja mara mbili kila unapotengeneza: kabla ya barafu, na dakika mbili baada ya barafu. Onjo la kwanza likuambie "imezidi". La pili ndilo likuambie "sawa".

Kipimo cha kuanzia, kwa glasi mbili kubwa: maji nusu lita, majani ya Kithai gramu 30 (vijiko vya mezani sita hivi), sukari vijiko vya mezani viwili, kondensi vijiko vinne, na ivaporeti ya kumwagia juu. Kondensi ni yale maziwa mazito yenye sukari. Ivaporeti ni ya kopo pia, yamepunguzwa maji lakini hayana sukari. Waswahili wa Muscat na Dubai wanayajua haya ya pili kwa sababu ya karaki, chai ya maziwa ya huko. Chemsha maji, zima moto, tia majani, funika dakika tano, chuja, kisha koroga sukari na kondensi chai ikiwa bado moto. Majani hunywa maji mengi, hivyo usishangae ukipata mililita 400 tu. Ukishakuwa na msingi huu, dalili zifuatazo zitakuelekeza pa kurekebisha.

Dalili: imekuwa maji, haina nguvu

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na wengi hukimbilia kuongeza maziwa. Maziwa hayasaidii kitu, yanaipausha tu.

Chanzo cha kwanza ni majani machache. Mtu aliyezoea kijiko kimoja cha majani kwa sufuria nzima ya chai huona gramu 30 kwa nusu lita kuwa ufujaji. Wauzaji wa Thailand hutumia majani mengi, ndani ya soksi ndefu ya kitambaa ya kuchujia, na chai inayotoka ni nyeusi kiasi cha kutoona chini ya glasi. Kagua hivi: mimina chai kavu, yaani kabla ya maziwa, kwenye glasi nyembamba na uishike mbele ya dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, ongeza majani safari ijayo. Usiongeze muda, muda ukizidi hutoa ukakasi, na tutaufikia huo.

Chanzo cha pili ni joto la chai. Hapa hesabu ndogo ina faida. Kushusha mililita 200 za chai ya nyuzi 90 hadi sifuri kunayeyusha gramu 225 hivi za barafu. Maana yake maji yaliyoingia yamezidi chai yenyewe. Chai hiyohiyo ikiwa imepoa hadi nyuzi 30, barafu inayoyeyuka ni gramu 75 tu. Tofauti hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini ya jirani yako ni nzito na yako ni nyepesi, hata kama mmetumia pakiti moja. Kwa hiyo ukishachuja na kutia sukari na kondensi, weka jagi ndani ya beseni la maji baridi kwa robo saa, kisha ndipo umimine. Ukitaka kumimina ikiwa moto kama wafanyavyo vibandani, basi majani yapande hadi gramu 50 kwa nusu lita hiyohiyo.

Chanzo cha tatu kinawashangaza wengi: barafu chache. Vipande vitatu vitayeyuka vyote na kinywaji kitabaki vuguvugu. Utaongeza vingine, navyo vitayeyuka. Glasi iliyojaa barafu hadi ukingoni hupoza haraka, na baada ya hapo kuyeyuka kunapungua sana. Jaza glasi. Barafu iliyosagwa ndiyo ya asili ya kinywaji hiki, ila nayo huyeyuka upesi, hivyo ni ya kunywa hapohapo, si ya kukaa nayo mazungumzo marefu.

Tazama pia barafu yenyewe. Kipande kinachong'aa kwa maji kimeanza kuyeyuka na kinaingiza maji hayo kwenye glasi kabla hakijapoza chochote. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara hili ni la kawaida. Mwaga maji yake kwanza.

Tiba ya ndani zaidi, kwa anayependa kunywa taratibu: gandisha chai kavu kwenye trei ya barafu na uitumie badala ya barafu ya maji. Ikiyeyuka inaongeza chai.

Dalili: rangi ni kahawia, si chungwa

Swali la kwanza ni majani gani umetumia. Ikiwa ni majani ya kawaida ya Kericho, Mufindi au Rungwe, hujakosea kitu. Chai nyeusi na maziwa hutoa kahawia, na itaendelea kutoa kahawia hata ufanyeje. Ile rangi ya chungwa inatoka kwenye rangi ya chakula iliyochanganywa na majani kiwandani. Angalia orodha ya viungo ya pakiti ya Kithai, mfano ile maarufu ya ChaTraMue yenye alama ya kidole gumba kilichoinuliwa, chapa iliyoanza mwaka 1945; tafuta neno E110 au INS 110. Hiyo ndiyo njano-chungwa unayoiona.

Ikiwa umetumia majani ya Kithai na bado rangi imepauka, basi ama majani ni machache ama maziwa yamezidi. Rudi kwenye kipimo. Ikiwa rangi ni nyekundu-nyeusi na haing'ai, hujatia maziwa ya kutosha; rangi hii huonekana vizuri inapokutana na weupe.

Anayetumia majani ya hapa na anataka ile sura anaweza kutia rangi ya chakula ya chungwa, kiasi cha ncha ya kisu tu. Manjano ya unga yanaleta rangi kwa shida na yanaleta ladha ya mchuzi bila shida yoyote, yaache. Na hapa simama: usitumie rangi yoyote isiyoandikwa kuwa ni ya chakula. Zipo rangi za unga za kutilia mikeka na vitambaa zinazouzwa meza moja na viungo sokoni, na kwa macho hazitofautiani. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha pakiti yenye maandishi, kunywa kahawia. Ladha haijapungua.

Jambo moja kwa wazazi: Umoja wa Ulaya unavitaka vyakula vyenye E110 viandikwe onyo kwamba rangi hiyo inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Ukichanganya na kafeini ya chai nzito namna hii, si kinywaji cha kumpa mtoto mdogo.

Dalili: ukakasi, ulimi unakauka

Kwetu chai ya maziwa hupikwa: majani, maji, maziwa na tangawizi vinachemka pamoja jikoni mpaka harufu ijae nyumba. Ni chai nzuri sana, lakini mkono huo ukiuhamishia kwenye cha yen unapata ukakasi. Sababu ya kwanza kabisa ni majani kuachwa yachemke. Zima moto kabla ya kuyatia.

Sababu ya pili ni kuyasahau. Dakika tano kwa majani ya Kithai. Majani yetu ya Afrika Mashariki mengi hukatwakatwa kiwandani kuwa punje ndogo ngumu, na punje hizo hutoa kila kitu upesi: dakika tatu zinatosha, na gramu 20 zinafanya kazi ya 30. Sababu ya tatu ni kukamua kitambaa kwa nguvu ili usipoteze tone. Matone hayo ya mwisho ndiyo makali kuliko yote. Acha yachuruzike yenyewe.

Chai iliyokwisha kupata ukakasi bado inaokoleka. Ongeza ivaporeti, si sukari: protini ya maziwa hushikana na tanini (kile kitu cha majani ya chai kinachokausha ulimi), na ukakasi hushuka. Punje chache za chumvi nazo hupunguza uchungu, kidogo kiasi kwamba mnywaji asijue zimo. Sukari peke yake itakupa kitu kitamu na kikali kwa pamoja, na hicho hakinyweki. Ukakasi ukibaki hata baada ya hapo, igandishe iwe barafu ya chai kwa siku nyingine na upike upya.

Dalili: maziwa yamekatika, yameganda vipande

Fanya jaribio hili kabla ya kulaumu chai. Chukua vijiko viwili vya maziwa yaleyale, yachemshe peke yake kwenye sufuria ndogo. Yakikatika, maziwa yalikuwa yameanza kuchacha hata kama hayakunuka. Mwaga yote, na chai uliyoyatia pia. Usijaribu kuchuja vipande ili unywe maji yake.

Yasipokatika, tafuta asidi. Mara nyingi ni ndimu: glasi ilikamuliwa ndimu jana, au mtu amesoma kwamba Wathai hutia ndimu kwenye chai. Ni kweli hutia, ila hiyo ni cha manao, nayo haina maziwa kabisa. Ukwaju nao, ambao baadhi ya mapishi ya nyumbani huuongeza, hufanya vilevile ukizidi.

Kisha angalia aina ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida ni dhaifu mbele ya chai nzito na ya moto kuliko ivaporeti, ambayo imeshapikwa kiwandani na mara nyingi imewekewa chumvi za kuiimarisha. Ukiwa na maziwa fresh tu, acha chai ipoe kwanza. Maziwa ya soya na ya lozi hukatika kirahisi. Tui la nazi halikatiki kwa namna hiyo, ila mafuta yake huganda juu yakikutana na barafu na kuonekana kama vipande vya nta. Si hatari, ni sura tu. Tumia tui jepesi.

Dalili: utamu wote uko chini

Kondensi ilitiwa baada ya barafu. Kwenye ubaridi haiyeyuki, inazama na kulala. Itiwe chai ikiwa moto, ikorogwe mpaka kijiko kitoke safi. Sukari ni hivyohivyo. Ikiwa glasi imeshawekwa mezani na mgeni analalamika si tamu, ongeza shira (sukari na maji sawa kwa sawa, vilivyochemshwa na kupozwa), usiongeze sukari ya punje.

Weupe unaoelea juu ni jambo lingine. Hiyo ni ivaporeti iliyomiminwa mwisho kwa makusudi, na ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Mnywaji atakoroga mwenyewe.

Dalili: mashapo na vumbi mdomoni

Majani ya Kithai yana unga mwingi. Chujio la plastiki la dukani halitoshi. Tumia kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, au kipande cha kanga iliyozeeka na kufuliwa sana. Kitambaa kipya kichemshwe mara mbili kwanza, vinginevyo chai itanuka wanga wa kiwandani. Usikifue kwa sabuni ya harufu. Maji ya moto na jua vinatosha. Kitageuka chungwa na hakitarudi kuwa cheupe tena. Hali kadhalika mbao, plastiki na shati lako, kwa hiyo mimina juu ya sinki.

Dalili: haina ile harufu

Pakiti ikikaa wazi, harufu inakwenda kwanza, rangi inabaki. Tena chai hufyonza harufu za jirani zake: ukiiweka kabati moja na kitunguu saumu au dagaa, utakunywa dagaa. Nusa majani makavu. Yasiponukia vanila makavu, hayatanukia kwenye glasi.

Kwa majani ya hapa, tia matone ya vanila baada ya kuchuja, na kipande kidogo cha anisi ya nyota wakati wa kuloweka. Kidogo kweli, kwa sababu anisi hutawala. Nunua anisi ya nyota kwa muuzaji wa viungo vya chakula anayejulikana: ipo jamii yake ya Kijapani inayofanana nayo sana na ambayo ni sumu. Iliki moja inaruhusiwa. Ukitia tangawizi na mdalasini utapata chai nzuri ya kwetu yenye barafu, si cha yen.

Na ikiwa kilichokuvutia ni kile kinywaji cha waridi ulichokiona pembeni yake, hicho hakina chai hata kidogo. Kinaitwa nom yen: maziwa, kondensi, barafu na shira nyekundu ya tunda la Kithai liitwalo sala. Shira hiyo ndiyo kila kitu. Bila hiyo, hakuna ujanja wa jikoni utakaoileta ladha.

Dalili: siku ya pili imebadilika

Chai kavu ikikaa kwenye friji huingia wingu ndani yake, inapoteza uangavu. Ni kafeini na tanini zimeshikana kwa ubaridi. Ipashe kidogo, itang'aa tena, haina madhara. Lakini ikiwa inavutika kama ute, ina povu bila kukorogwa, au inanuka uchachu, imeharibika. Mwaga, usionje.

Chai kavu imalize ndani ya siku tatu, ikiwa ndani ya friji. Iliyotiwa maziwa inywe siku ileile. Ikiachwa mezani zaidi ya saa mbili, au saa moja kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, isirudishwe kwenye friji kana kwamba ubaridi utaisafisha.

Dalili: barafu haigandi

Kagua kwanza lastiki ya mlango wa friji: bana karatasi mlangoni, ukiivuta itoke kwa ugumu. Kisha tazama kama friza imejaa theluji, na kama nyuma ya friji pana nafasi ya hewa. Izime, theluji iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, kwa sababu ukitoboa bomba la gesi umeua friji. Ikiwa bado haigandi baada ya siku nzima, muite fundi. Ikiwa friji inakupiga shoti unapoigusa, au unasikia harufu ya waya kuungua, zima kwenye swichi kuu ya nyumba, usiiguse tena, na fundi umeme aje kabla ya jambo lingine lolote.

Mambo ya kusimama hapohapo

Kopo la maziwa lililovimba, linalovuja au linalorusha maziwa unapolitoboa halifunguliwi zaidi wala halionjwi. Sumu inayoweza kuwa ndani yake haina ladha na inaua.

Barafu ya maji yasiyochemshwa ni hatari kama maji yenyewe. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Maji yachemke hasa kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yaingie kwenye trei. Barafu ya kununua ambayo hujui ilikotoka ni ya kupozea chupa kwa nje.

Usimimine chai ya moto kwenye glasi iliyotoka friza. Hupasuka, na vipande vyake havionekani ndani ya barafu. Ikipasuka, mwaga kila kitu.

Tumbo likijaa gesi na kukata saa moja au mbili baada ya kunywa, kila mara, huenda mwili wako hauvumilii sukari ya maziwa. Jaribu bila maziwa uone. Moyo ukienda mbio na usingizi ukikosekana, umekunywa kafeini nyingi. Punguza, na mwenye shida ya moyo azungumze na daktari wake kabla ya kunywa tena. Mwenye kisukari ajue kwamba vijiko viwili tu vya kondensi, gramu 40 hivi, vina sukari gramu 22, kabla hata hujagusa ile ya kijiko. Mtoto mchanga asipewe kondensi kama maziwa ya kumlea.

Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana baada ya kunywa, nenda hospitali wakati huohuo. Vivyo hivyo kwa kuharisha maji meupe kama ya mchele: anza kumpa mgonjwa maji ya chumvichumvi na sukari yaliyochanganywa kwa pakiti ya ORS mkiwa njiani, msisubiri kukuche.